Kozi za kucha kwa asiyetaka kufungua saluni: ipi ulipie, ipi uiache

Ukifungua simu ukiwa Dar es Salaam hutakosa tangazo la kozi ya kucha: siku tatu, wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, pamoja na cheti, begi la vifaa na picha ya pamoja siku ya mwisho. Karibu matangazo yote yanamlenga anayetafuta ajira. Hapa tunazipima kozi hizo kwa jicho la mtu mwingine, mwenye kazi yake au masomo yake, ambaye anataka kujua kutengeneza kucha kwa sababu anapenda. Ajipambe mwenyewe, awapambe wadogo zake Idi ikikaribia, amtengeneze shoga yake kabla ya sendofu. Basi.

Kwa mtu huyo msimamo wetu ni huu. Kozi ndefu ya chuo asilipie. Kozi ya siku tatu yenye kundi kubwa asilipie, hata ikiwa na ofa. Alipie saa chache za fundi mzuri, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, tena saa hizo zigawanywe katika vipindi viwili vilivyoachana kwa wiki mbili. Kwa nini wiki mbili, tutafika.

Unachonunua hasa

Kozi ya kucha inauza vitu vinne vilivyofungwa pamoja: maelezo, vifaa, cheti na macho ya mwalimu. Maelezo yamejaa YouTube bure, mengine mazuri kuliko ya darasani. Vifaa utavinunua Kariakoo mwenyewe na utachagua unachotaka. Cheti hakimsaidii asiyetafuta kazi. Kinachobaki ni macho ya mwalimu, yaani mtu mzoefu anayeangalia vidole vyako wakati unafanya na kukwambia "simama hapo hapo". Hicho hukipati bila kulipa, kwa hiyo bei ya kozi ipimwe kwa hicho.

Piga hesabu hivi. Tuseme kozi inatozwa Sh 300,000, ni ya siku 5, saa 6 kwa siku, wanafunzi 10 na mwalimu mmoja. Jumla ni saa 30. Toa saa 10 za nadharia, zinabaki saa 20 za vitendo. Gawa kwa wanafunzi 10: kila mmoja anapata saa 2 za macho ya mwalimu. Maana yake unalipa Sh 150,000 kwa saa moja ya kuangaliwa. Fundi anayekutoza Sh 40,000 kwa saa anaonekana ghali kwenye tangazo, lakini kwa Sh 160,000 umepata saa 4 nzima. Weka tarakimu za tangazo ulilo nalo mkononi, hesabu ni ile ile. Swali la kwanza la kuuliza kabla ya bei, basi, ni wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja. Wasipokujibu kwa namba, hesabu kuwa ni wengi.

Kile ambacho video haioni

Chukua akriliki, yaani ukucha unaojengwa kwa unga uliochanganywa na maji yake maalumu. Brashi ya manyoya asilia, namba 8 au 10 kwa anayeanza, inazamishwa yote kwenye maji ya akriliki, inabanwa chini ya kikombe mpaka mapovu yaishe, kisha inafutwa upande mmoja kwenye mdomo wa kikombe. Ncha inaguswa kwenye unga na kuvutwa taratibu kwa sekunde mbili tatu, na juu yake inajitengeneza punje. Kipimo kinachotakiwa ni kama sehemu moja na nusu ya maji kwa sehemu moja ya unga, lakini hakuna anayepima kwa kijiko. Inapimwa kwa macho. Punje nzuri inang'aa pande zote, haina doa la unga mkavu, haining'inii ukiinamisha brashi, na ukiiweka kwenye ukucha inashikilia umbo lake kwanza, halafu inajilaza polepole.

Punje ikiwa na maji mengi inakimbilia kwenye ngozi ya shina la ukucha. Wewe utadhani umefunika vizuri, kumbe umegandisha akriliki juu ya ngozi. Siku ya nne ngozi inasogea, akriliki inanyanyuka, maji yanaingia chini. Tena punje yenye maji mengi inabaki na kemikali ambayo haikugeuka kuwa ngumu, na hiyo ndiyo inayoleta aleji. Punje ikiwa kavu inakuwa na chembechembe, hailowanishi ukucha, hivyo haishiki. Itapasuka katikati au kubanduka nzima kama kifuniko. Mwanafunzi anaona makosa yote mawili kama kitu kimoja: "haikukaa". Mwalimu anaona tofauti kabla punje haijafika kwenye kidole.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Akriliki huganda haraka zaidi penye joto. Video nyingi zimepigwa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, na fundi wa kwenye video anatandaza punje bila haraka. Wewe uko Dar mwezi wa Februari, chumba kina nyuzi 31, feni inakupulizia usoni. Feni hiyo inakausha maji kwenye kikombe na kwenye brashi, punje inashika kabla hujaitandaza, na vumbi la kusaga linasambaa chumba kizima. Nunua unga unaoganda polepole, geuzia feni ukutani, funika kikombe kila unapopumzika. Nairobi mwezi wa Julai mambo hugeuka: akriliki inachelewa kushika, na anayeanza anaongeza unga akidhani amekosea kipimo. Mwalimu anayefundishia kwenye mji wako anajua hilo bila kuulizwa, na ni sababu mojawapo ya kutolipia kozi ya akriliki iliyorekodiwa nje.

Jeli ina mtego mwingine. Haigandi mpaka iingie kwenye taa, kwa hiyo una muda wote unaoutaka kuisawazisha. Ndiyo maana kwa anayejifunza kwa mapenzi tu tunapendekeza jeli na si akriliki. Mtego ni unene. Ukipaka nzito, mwanga unagandisha juu, chini inabaki mbichi. Rangi inakunjamana, au inaonekana safi kabisa lakini ukiigonga inabonyea. Rangi nyeusi, nyekundu iliyokolea na zile zenye pambo nyingi ndizo zinazosumbua zaidi kwa sababu zinazuia mwanga usipite. Paka nyembamba mara mbili au tatu, kila mara taa sekunde 60 au kama chupa inavyosema, na vidole gumba viingie peke yake, kwa sababu mkono mzima ukiwa ndani gumba linalala upande na mwanga haulifikii sawasawa. Ukisikia ukucha unachoma ghafla, jeli nzito inaganda yote kwa mpigo na kutoa joto. Toa mkono sekunde tano, rudisha. Ikikuchoma kila mara, tabaka zako ni nene au ukucha wa asili umesagwa ukawa mwembamba.

Kozi zenyewe, moja moja

Kozi ya siku tatu ya saluni ndiyo inayovutia wengi, nasi ndiyo tunayoilalamikia zaidi. Mpangilio wake karibu unafanana kila mahali: siku ya kwanza tipsi (kucha za plastiki za kubandika) na akriliki, ya pili jeli na polijeli (mchanganyiko wa jeli na akriliki), ya tatu michoro, mawe na vyeti. Ni teknolojia tatu kwa siku tatu, na mazoezi mengi yanafanyika kwenye mkono wa plastiki. Mkono wa plastiki ni mzuri kwa kujifunza kushika brashi. Lakini hauna mafuta, hauna ngozi ya kukua juu ya ukucha, hautoi jasho na hausemi "unaniunguza". Kila kitu kinashika juu yake.

Kubwa kuliko yote, kucha mbaya haijulikani siku inapotengenezwa. Siku ya kwanza zote zinang'aa. Kunyanyuka kwa shina kunaanza siku ya nne au ya tano. Pembeni panapasuka baada ya wiki. Umbo lililokosewa, lenye kilele (ile sehemu nene inayoupa ukucha nguvu) kilichosogezwa mbele mno, linavunjika wiki ya pili mtu anapofungua mlango wa gari. Wakati huo kozi imeshaisha na mwalimu ana kundi jingine. Umejifunza kutengeneza, hujajifunza kwa nini imeharibika. Hapo ndipo wiki mbili zetu zinapoingia: kipindi cha kwanza mtengeneze kucha za mtu halisi, kipindi cha pili mrudi na mtu yule yule, kucha zile zile, mwalimu akuonyeshe kila palipofunguka na sababu yake, kisha mziondoe pamoja. Kipindi hicho cha pili kina thamani kuliko cha kwanza.

Chuo binafsi cha urembo cha miezi mitatu hakina tatizo hilo, maana una muda wa kuona kazi yako ikizeeka. Lakini unalipia pia miguu, masaji, uso, huduma kwa mteja na namna ya kuendesha saluni. Ukimpenda mwalimu wa hapo, uliza kama anauza somo la kucha peke yake, au kama unaweza kuingia jioni na Jumamosi. Vyuo vingi havitangazi hilo lakini vinakubali.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, inafundisha ususi na urembo kama fani. Kozi zake ndefu zimepangwa kwa anayekwenda kufanya kazi hiyo, na cheti chake kinatambulika. Kenya, anayetaka kupimwa ufundi wake rasmi anakwenda mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wenye daraja la III, II na I. Njia hizo ni nzuri kwa anayeona mbele yake kiti, kioo na wateja. Ukiwa na wazo hata dogo la kuanza kutoza fedha mwakani, soma upya hesabu zako, kwa sababu hapo cheti kinaanza kuwa na maana. Vinginevyo waachie nafasi wanaoihitaji.

Kozi za mtandaoni zinafaa kwa michoro: maua, marumaru, mstari mweupe wa ncha, vivuli vya rangi mbili. Huko hatari ya ngozi ni ndogo na unarudia video mara ishirini. Lipia tu ile ambayo mwalimu anapokea picha zako na kuzijibu, na ukituma, piga picha tatu: ya juu, ya pembeni kabisa ili unene uonekane, na ya mbele ukitazama ncha ya ukucha kama unachungulia bomba. Picha ya juu peke yake inaficha kila kosa, ndiyo maana matangazo yote yanaitumia.

Fundi binafsi, basi, unampataje? Usiangalie kucha alizomaliza leo. Muombe picha za mteja anayerudi baada ya wiki mbili au tatu, kabla ya kujaziwa pale ukucha ulipokua. Mtembelee akiwa kazini. Angalia kama chupa zake zina lebo au amemimina vitu kwenye chupa tupu. Angalia kama mashine ya kusagia inagusa ukucha wa asili kwa kasi kubwa. Pete nyekundu juu ya ukucha zinazobaki baada ya kutoa akriliki ni alama ya mashine hiyo. Angalia tupa: anatumia moja kwa watu wote, au kila mteja ana yake? Vyuma vinatakiwa vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo viloweshwe kwenye dawa ya kuulia vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kuvifuta tu kwa pamba yenye spiriti na kuendelea haitoshi, hasa kama mteja aliyetangulia alitoka damu. Tupa na vijiti vya mti havioshwi vikarudi. Vinatupwa au mteja anaondoka navyo.

Ngozi kwanza

Sehemu hii ndiyo inayotufanya tuseme lipa kidogo badala ya kujifunza bure kabisa. Kemikali za jeli na akriliki ni za jamii ya akrileti, na zikiwa mbichi zikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuzikataa. Inaanza na kuwashwa kuzunguka kucha, vipele vidogo vyenye maji kwenye ncha za vidole, wakati mwingine kope zinavimba kwa sababu mtu amejigusa usoni. Aleji hiyo ikishaingia kwa kawaida haitoki. Na haibaki kwenye kucha tu, kwani akrileti hizo zimo pia kwenye baadhi ya vifaa vya kuzibia meno, saruji ya kuungia mifupa hospitalini, na gundi za vipimo vya sukari vinavyobandikwa mwilini.

Anayejifanyia nyumbani ndiye aliye hatarini zaidi: taa ya bei rahisi, jeli ya jina jingine, tabaka nene, na mkono wa kushoto unaotetemeka ukipaka mpaka kwenye ngozi. Jeli na taa vinatakiwa kulingana. Taa nyingi za LED zinatoa mwanga wa nanomita 365 na 405, lakini nguvu inayofika kwenye kidole inatofautiana, na namba kubwa ya wati iliyochapishwa kwenye boksi haithibitishi chochote. Nunua taa ambayo mtengenezaji wa jeli ameitaja. Kama huwezi, angalau usichanganye beisikoti (tabaka la chini ya rangi) ya kampuni moja na topkoti (tabaka la juu la mwisho) ya nyingine mpaka utakapojua unachofanya.

Soma lebo. HEMA ni kemikali inayoongoza kwa kuleta aleji kwenye jeli. Umoja wa Ulaya, tangu 2021, unataka bidhaa za kucha zenye HEMA ziandikwe kuwa ni za mafundi tu. TPO, kemikali inayoifanya jeli igande kwenye taa, ambayo kwenye lebo inaandikwa Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide, imepigwa marufuku huko kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025. Kwenye akriliki tafuta maji ya EMA (ethyl methacrylate). Ya MMA (methyl methacrylate) ni rahisi kwa bei, yana harufu kali inayopenya, yanaganda kuwa magumu kupita kiasi na hayayeyuki vizuri kwenye asetoni. Ukijigonga, akriliki ya MMA haivunjiki, bali inaung'oa ukucha wako. Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, ilianza kuchukua hatua dhidi ya bidhaa za kucha zenye MMA tupu mapema miaka ya 1970. Chupa isiyo na orodha ya viambato usiinunue hata ukipewa nusu bei. Glavu za mpira wa kawaida hazizuii akrileti. Za naitraili ni bora, nazo zibadilishwe mara tu zikilowa.

Mwalimu mzuri anaanzia hapa, na dalili yake ni kwamba saa nzima ya kwanza hamfungui rangi yoyote. Mnaandaa ukucha. Osha mikono, kausha sawasawa. Sukuma ngozi ya shina nyuma bila kulazimisha. Kwangua kile kingozi chembamba kilichokufa kilichoganda juu ya ukucha wenyewe. Ngozi hai inayozunguka haikatwi. Ondoa mng'ao kwa tupa ya namba 180 au 240 (namba ikipanda tupa inakuwa laini, ya 100 ni ya akriliki, isiguse ukucha wa asili). Pangusa vumbi, paka dawa ya kukausha mafuta, halafu prima (dawa ya kushikiza) kidogo sana kwa brashi iliyokamuliwa. Prima haihitaji kutiririka. Kucha nyingi zinazonyanyuka zimenyanyuka kwa sababu ya kile kingozi kilichoachwa, wala si kwa sababu ya ubovu wa rangi, na kukiona kunahitaji taa nzuri na mtu wa kukuonyesha kwa ncha ya kijiti: "ile pale".

Begi la vifaa bure

Si bure, limo kwenye ada. Omba orodha yake kwa maandishi, kisha uliza bei ukiitoa. Mara nyingi mna rangi ishirini ndogo, mawe, stika, taa ndogo ya kidole kimoja na unga usio na jina. Anayeanza na jeli anahitaji pungufu ya hapo: beisikoti moja, topkoti moja, rangi tatu, dawa ya kukausha mafuta, prima isiyo na asidi, kisukumio cha chuma, tupa za 180 na 240, bafa, spiriti ya kufutia, asetoni, mafuta ya kupaka kwenye shina, na taa ya mkono mzima. Umeme ukiwa wa kukatika katika mtaani kwako, taa ya kuchaji inakuokoa usiachwe na vidole vitano vibichi. Mashine ya kusagia iache kabisa mwaka wa kwanza. Na chupa za jeli zisikae karibu na dirisha; jua linaingia, brashi inagandia ndani, na chupa mpya umeipoteza.

Mkono wa pili, na kucha za kubandika

Kuna jambo kozi hazisemi: zinakufundisha kumtengeneza mtu mwingine. Anayejifunza kwa ajili yake mwenyewe atatengeneza mkono wa kushoto vizuri, kisha ashike brashi kwa mkono wa kushoto na kuharibu wa kulia. Kama lengo lako ni kucha zako, mwambie mwalimu mapema, na nusu ya muda muitumie kwenye mkono huo mgumu: kiwiko kikiwa mezani, kidole kinachopakwa kikizungushwa badala ya kuzungusha brashi, na gumba la mwisho. Mwalimu akishangaa ombi hilo, hajawahi kulifikiria.

Njia ya kulikwepa tatizo ni kucha za kubandika unazozipamba mwenyewe. Boksi la tipsi za kufunika ukucha mzima huwa na saizi 10, namba 0 hadi 9. Bandika selotepu juu ya ukucha wako kwa upana, weka alama kwa kalamu kwenye kingo mbili, ibandue, ipime kwa milimita, rudia kwa vidole vyote 10 na uandike. Tipsi ikiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa na uipunguze pembeni kwa tupa. Ndogo itabana na kufunguka. Zisimamishe kwenye vijiti vyake, paka, chora, ingiza kwenye taa. Mikono yote miwili iko huru na ngozi haiguswi. Ukikosea unafuta kwa spiriti kabla ya taa, na hakuna mtu anayekaa saa tatu akikusubiri. Ukitengeneza seti kama tano hivi nadhifu, ndipo uamue kama bado unataka kulipia mafunzo. Wengi hugundua walichokipenda ni michoro, na hiyo haihitaji ada.

Kuzivaa: futa ukucha kwa spiriti, tanguliza upande wa shina, laza kuelekea ncha, bana sekunde 30. Stika za gundi hushika siku moja mbili. Gundi ya maji hufika wiki. Gundi hiyo ikimwagikia kanga au nguo yoyote ya pamba inapata moto mkali kwa ghafla na inaweza kuunguza ngozi iliyo chini, kwa hiyo usiifungulie mapajani.

Kwa wanaotawadha, kucha za stika zina faida ambayo jeli ya wiki tatu haina: zinatoka. Maji lazima yafike kwenye ukucha, na jeli au akriliki inayazuia. Wanawake wa Pwani wanaopenda hina wanalijua hilo siku zote, maana hina inatia rangi bila kuweka tabaka. Piko nyeusi ni habari nyingine. Ikichanganywa na rangi ya nywele inakuwa na PPD, kemikali ya rangi yenye aleji zake kali.

Mtihani wa mwalimu

Kabla hujatuma fedha, muulize fundi jambo moja: jeli inatolewaje? Jibu zuri lina hatua. Anasaga topkoti kwa tupa mpaka mng'ao uishe, bila kufika kwenye ukucha. Anapaka mafuta kwenye ngozi inayozunguka. Analowesha vipande 10 vya pamba kwenye asetoni, kila kimoja saizi ya ukucha na si zaidi, anaviweka na kufunga kwa foili. Anasubiri dakika 10 hadi 15 kwa jeli, 20 hadi 30 kwa akriliki. Anafungua kidole kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja, anasukuma kilicholainika kwa kijiti cha mti, na kisicholainika anakirudishia pamba. Kisha mafuta tena. Atakwambia pia kwamba jeli nzito ya kujengea haiyeyuki yote, na kwamba mara nyingi huachwa tabaka jembamba likakua na ukucha. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, kwa hiyo aliyeng'oa tabaka moja la ukucha wake kwa haraka atalisubiri miezi mitano au sita litoke lote.

Akikujibu kwamba anapenyeza tipsi chini ya ile ya zamani na kuinyanyua, muage.